Nilichomkubalia Wegesa

Mnaponiona nimekaa kwenye baraza la saruji nje ya mashine zenu, viatu nimeviweka pembeni na nyayo ziko sakafuni, mnadhani mzee anapunga upepo. Sipungi upepo, vijana wangu. Nasikiliza. Wiki iliyopita niliisikia ile mashine ya karibu na njia ya machimboni ikipiga vibaya, nikamwandikia aliyekuwa zamu kwenye karatasi kwamba nyundo moja ya ndani ya kinu imelegea. Akacheka, akaitia karatasi mfukoni. Kesho yake chekeche lilipasuka na akina mama wakarudi nyumbani na mahindi yao. Ndipo mkaniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi ya kusaga. Nawaandikia, ila msitegemee mpangilio, kwa sababu kuna jambo moja nataka kulisema na sijui nitalifikia kwa njia gani.

Tuanze na udaga, maana ndio unaowatesa. Mama akikuletea muhogo aliouvundika na kuukausha, usimimine tu. Shika kipande, kivunje karibu na uso. Kikikatika na kutoa vumbi, saga. Kikijikunja kwanza ndipo kikatike, mrudishe mama na beseni lake juani, hata kama ni shemeji yako, hata kama ametembea kutoka Gorong'a. Atanuna. Mwache anune. Udaga ambao haujakauka hugeuka gundi ndani ya kinu, na utashinda umepiga magoti na msumari mkononi, unazibua tundu moja moja la chekeche huku foleni nzima inakutazama.

Unga ukitoka, upokee kiganjani. Ukiwa vuguvugu ni sawa. Ukiwa wa moto wa kukufanya ukung'ute mkono, chekeche limeziba au nyundo zimekwisha. Msingoje kelele iwaambie. Kelele mtaizoea, na siku mtakayoizoea ndiyo siku imeanza kuwala.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Odera, Mjaluo wa Shirati, mrefu, mpole, aliyeiheshimu injini kuliko alivyowaheshimu watu. Wakati huo hapakuwa na umeme. Tulikuwa na injini ya dizeli iliyopozwa kwa pipa la maji, ya kuwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma, na ukichelewa kuuchomoa unakuvunja mkono. Chumba kilikuwa cha mabati pande zote nne. Mlio uligonga bati ukarudi kwako, ukagonga bati la pili ukarudi tena. Kila asubuhi Odera alichovya pamba kwenye mafuta ya kula, akaziba masikio yake, kisha akaninyooshea na mimi.

"Weka, mura." Alipenda kutuita vijana kwa neno letu la Kikurya.

"Pamba wanawekewa maiti," nikamwambia.

"Sawa. Mimi maiti nitasikia wajukuu zangu. Wewe mzima utaona."

Nilikuwa nimetoka jandoni miaka michache tu nyuma, na sikutaka wasichana wa kwenye foleni wanione nina pamba masikioni. Mstari huu usomeni polepole: kopo la pamba lilikaa kwenye rafu, mkono unapofika, kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Halafu dhahabu ikavuma na hapa kwetu Matongo pakajaa. Walikuja watu wa Geita, wa Singida, wa ng'ambo ya Sirari, kila mtu na sululu yake na ndoto yake, na wote walikula ugali. Mashine iliwashwa alfajiri ikazimwa giza likiingia. Msimu huo ndipo nilipofanya kosa ambalo sidhani kama msagaji wa nchi nyingine amewahi kulifanya. Odera alikuwa amekwenda msibani kwao. Akaja mchimbaji mmoja na nusu debe ya mawe aliyokwisha kuyaponda, akasema mikono imemchoka kutwanga, kwa nini nisimpitishie kwenye mashine, mara moja tu. Nikaona si neno. Nikayamimina. Mlio ule naukumbuka hadi leo, mimi ambaye nimesahau mlio wa kengele ya kanisa. Nilipofungua kinu, nyundo zilikuwa zimelika kama pipi iliyomung'unywa. Nikafagia, nikafunga, nikajitia hamnazo.

Kesho yake nyumba nyingi za Matongo zilikula ugali unaolia mchanga menoni. Odera aliporudi hakunigombeza. Alimwomba mama mmoja ausonge unga ule ule, akanikalisha mbele ya foleni, akaniwekea sahani.

"Kula yote," akasema. "Hii dhahabu yako."

Nikala. Kwa hiyo mimi ni miongoni mwa wachache hapa waliokwisha kula dhahabu, ingawa kesho yake nilitazama vizuri na sikuiona.

Masikio hayaondoki kwa kishindo. Sauti zilizonihama kwanza ni za ndege, kisha za watoto, kisha za wanawake. Nilidhani watu wa siku hizi wamejifunza kuongea puani. Kumbe nilikuwa nimeanza kusoma midomo bila kujijua. Aliyegundua ni Wegesa, mke wangu. Alikuwa amenipa mgongo, anapepeta ulezi, akaniuliza kitu, sikujibu. Akauliza tena, kimya. Akageuka, akaniuliza kwa kuchezesha midomo tu bila kutoa sauti, na hapo hapo nikamjibu. Akauweka ungo chini.

"Marwa," akasema, "tangu lini?"

Nikamwomba asimwambie mtu. Hakumwambia mtu. Akawa masikio yangu. Tukiwa njiani, mtu akiniamkia shikamoo kutoka nyuma, Wegesa alinigusa kiwiko na mimi nikaitikia marahaba kuelekea hewani, kwa heshima zote. Binti yetu Bhoke, mtoto wetu wa pekee, ameolewa Kenya; akipiga simu, mama yake alipokea, akanigeukia, akanirudishia kila neno kwa midomo iliyofunguka vizuri. Yote hayo kwa Kikurya. Wegesa alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kununulia chumvi na kugombea bei ya dagaa. Mambo yake ya moyoni yalikuwa na lugha moja.

Mahali ambapo hakuwepo, niliitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo dawa ya kiziwi anayejificha. Mtu anasema, hujapata hata neno moja, unaitikia kwa kichwa na kutabasamu kidogo, naye anaendelea na safari yake ameridhika. Mtashangaa ni watu wangapi hawahitaji jibu. Mara moja moja inakupeleka pabaya. Niliwahi kumwitikia hivyo mzee wa kanisa aliyekuwa akinisemesha mbio mbio mlangoni, na Jumapili iliyofuata nikatangazwa kuwa mlezi wa kwaya. Niliilea miaka mitatu. Wegesa alicheka mpaka akakalia kinu. Tangu siku hiyo alikuwa akiniona naitikia mtu namna ile, ananikazia macho kutoka mbali, anajua kabisa kwamba sijasikia kitu.

Kazini nilikuwa sawa. Foleni ilinitazama, nami niliitazama. Akina mama walidhani mlio wa mashine unawafichia siri, wakaambizana yote mbele yangu. Nilijua nani ana mimba kabla mama mkwe hajajua. Sikuwahi kutoa nje hata moja, mnaweza kuwauliza.

Ndipo ikaja korona.

Mwanzo ilikuwa ndoo ya maji na sabuni mlangoni, nikaona ni jambo la usafi, halina ubaya. Kisha likaja agizo la barakoa: asiyevaa asihudumiwe. Tangazo la mlangoni nililiandika mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu. Siku ya kwanza nikawasha mashine, nikageuka, na mbele yangu palikuwa na foleni ya watu wasio na midomo. Macho tu, na vitenge. Mama aliyenifahamu miaka ishirini alisimama hatua moja kutoka kwangu, kitambaa cha mdomoni kinaingia na kutoka, na sikujua kama ananisalimu au ananitukana.

Nikabuni vidole. Kimoja dona, viwili sembe, ngumi ni udaga. Ilisaidia kiasi. Lakini bibi mmoja alinieleza kwa kirefu kwamba mahindi yake ni ya vifaranga, niyaparaze tu, nami nikamwitikia kwa kichwa na kumsagia unga laini kama poda. Alirudi baada ya siku mbili, akaishusha barakoa kwa hasira ili nimsome vizuri, akasema, "Wewe Marwa, hawa kuku yangu nitawasongea ugali?" Nilifurahi sana kuuona mdomo wake, hata ulivyokuwa unanisema.

Huku machimboni kazi haikusimama, kwa hiyo na sisi hatukusimama. Watu walikohoa, walizika, walikuja kusaga. Mpaka wa Sirari ulifungwa na Bhoke akabaki upande wa pili na watoto wake. Nimewahi kulala mashineni peke yangu, nimewahi kupotea porini Serengeti nikitafuta ng'ombe wa baba, lakini upweke sikuujua mpaka miezi ile, katikati ya foleni, mchana, watu wakinizunguka. Nilikuwa nangoja jioni tu. Wegesa alikuwa akifika mlangoni anaivua barakoa kabla ya kandambili, ili anisalimu.

Kaka yake akafariki, Wegesa akaenda kumzika Nyarero. Alirudi na kikohozi. Tukachemsha majani, akajifukiza chini ya blanketi, akatoka na jasho, akasema yuko nafuu. Nikamwambia nitabaki nyumbani.

"Nenda kasage," akasema. "Watu watakula nini?"

Nikaenda. Siku tatu nilienda. Nilikuwa nafurahia kwenda, nawaambieni ukweli, kwa sababu kukaa pale nikitazama kifua chake kilivyopanda na kushuka kulinitisha, na mashine hainitishi. Siku ya nne nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ukutani, anavuta hewa kwa mabega. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali.

Nesi wa wodi aliitwa Mwanahawa, binti wa Lindi aliyepangiwa kazi huku kwetu. Wakati huo nilimjua kwa macho na kwa kitambulisho cha kifuani tu. Alinivisha barakoa nyingine juu ya ile niliyokuwa nayo, akanionyesha kwa vidole dakika chache, akaniweka miguuni mwa kitanda. Yeye alisimama kando, na mlangoni alikuwepo mama wa usafi na ndoo yake, Mkurya wa huku huku, mteja wangu wa siku nyingi.

Wegesa alikuwa amefungwa kifuniko cha oksijeni. Aliponiona alitoa mkono chini ya shuka. Kisha akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Nilikuwa naona mvuke tu ndani ya plastiki ile, unakuja, unafutika, unakuja. Alipumzika, akaendelea. Labda alisahau kwamba mdomo wake umefunikwa. Labda hakusahau, ila hakuwa na njia nyingine. Mwishoni aliinua nyusi, akanitazama, akangoja. Lilikuwa swali, au ombi. Nyusi za mtu uliyeishi naye miaka thelathini unazijua.

Nesi ananitazama. Mke wangu ananitazama. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Akafumba macho. Uso wake ukalegea. Nesi akanigusa bega, nikatoka. Asubuhi niliporudi na uji nilikuta kitanda kimetandikwa.

Tulimzika watu wachache, tumesimama mbalimbali. Bhoke hakuweza kuvuka. Aliniandikia ujumbe: "Baba, mama alisema nini?" Nikaushika ule ujumbe mchana kutwa. Kisha nikaandika: "Alikusalimu wewe na watoto. Alisema msilie sana." Akanijibu asante. Alipiga simu pia, mara nyingi. Simu ilitetemeka mezani, nami niliitazama mpaka ikatulia, kwa sababu aliyekuwa akiipokea hayupo.

Nilirudi kazini baada ya wiki. Mashine ilipowaka nilishukuru, kwa maana hapo kila mtu ni kiziwi. Lakini chekeche likiziba, mikono ikiwa kazini, kichwa kilibaki bure na swali lilikuja: nimemkubalia nini? Nilikuwa nimetoa ahadi kwa mtu anayekufa na sijui ahadi yenyewe. Ndugu zangu walikuja kuniambia nioe, nyumba ya mwanamume haikai bila moto. Nikawaza, pengine ndilo aliloniomba, nisikae peke yangu. Au aliniomba nisioe. Pengine lilikuwa shamba la mtama la bondeni, alilolilima peke yake, basi nikalilima. Pengine yule ng'ombe mwekundu aliyemtaja kila mara kuwa wa Bhoke. Mpaka ulipofunguliwa nikamswaga hadi Sirari, Bhoke akampokea analia, akasema hajui atamweka wapi. Kwa miaka mingi Wegesa alinisihi niache mashine kabla haijanimaliza. Nikaacha. Tajiri wangu alishangaa, akaniuliza sababu, nikamwandikia kwamba nimechoka. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Kwa kila nililolifanya nilingoja moyo utulie. Haukutulia.

Barakoa zilipokwisha kuvuliwa kila mahali nilikwenda hospitali. Mwanahawa alikuwa bado yupo. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza, msichana mdogo kuliko nilivyodhani, midomo inayosomeka kwa raha kama vitabu vya darasa la kwanza.

"Shikamoo baba. Nakukumbuka," akasema.

Nikamwuliza mke wangu alisema nini siku ile. Akafikiri kidogo.

"Alisema anakupenda sana," akajibu. "Akasema ujitunze, usihuzunike, Mungu atakulinda."

Nikamshukuru, nikaondoka. Nilifika getini nikiwa mwepesi. Hapo getini ndipo nilipoyapitia tena yale maneno, moja moja, nikayaona ni Kiswahili safi cha Lindi mwanzo hadi mwisho. Nikarudi.

"Mwanangu," nikamwuliza, "alisema kwa lugha gani?"

Akanivuta pembeni tukae.

"Kikwenu, baba," akasema. "Sikuelewa hata neno moja. Nilikuona unamwitikia, nikajua mmeelewana. Leo umekuja umetoka mbali, nikaona vibaya kukurudisha mikono mitupu. Nisamehe."

Nilimsamehe hapo hapo. Ningemkasirikiaje, na mimi nilikuwa nimemfanyia Bhoke vile vile? Nilimtafuta pia yule mama wa usafi. Aliniambia alisikia sauti ya Wegesa, ndogo mno, akarudi nyuma kidogo kwa heshima, maana ni mambo ya mtu na mumewe.

Bhoke, najua vijana hawa watakusomea haya kabla sijapata ujasiri wa kukutumia. Mama yako hakukusalimu. Au alikusalimu, sijui. Salamu ile niliitunga mimi, na nimekuwa nikiiona kwenye simu yako kila ukija, hujaifuta. Nisamehe kama nilivyomsamehe binti wa Lindi.

Nanyi vijana, zibeni masikio. Pamba sasa mnazo za aina nyingi, hata za mpira. Lakini sikuandika yote haya kwa ajili ya pamba. Uziwi si kitu cha kuua mtu. Nimefanya kazi nzuri nikiwa kiziwi, nimelea hata kwaya. Kilichoniumiza ni kule kuitikia. Wegesa alikuwa mtu pekee duniani aliyelijua lile itikio langu la uongo, aliyeweza kulitambua kutoka mwisho wa foleni. Kwa hiyo alipofumba macho sijui kama ni mtu aliyetua mzigo, au ni mtu aliyeona kwamba sikusikia, akaamua asinisumbue zaidi.

Mama wa usafi alikuwa hatua nne kutoka kitandani. Ningesema tu, "Mimi sisikii, njoo unisikilizie," angekuja. Wegesa alikuwa bado na pumzi ya kurudia. Alingoja. Mimi nikaona haya mbele ya nesi.